Kuchagua Lori Lililokwisha Kutumika la Kukokota Trekta la Chama

(Mazungumzo kwa makatibu, wajumbe wa bodi na wanachama wa vyama vya msingi)



Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ina ukweli wake kwa jembe la mkono, maana jembe baya humchosha mtu mmoja kwa siku moja. Lori baya huwachosha wanachama wote kwa miaka mingi. Hula akiba yao, huliacha trekta limelala kijiji cha jirani wakati mvua zimekwisha kuanza, na mara nyingine huondoa uhai wa dereva na utingo wake. Katika jambo hili, basi, mkulima hana budi kuwa mchaguzi, tena mchaguzi mgumu.

Usafiri umekuwa moyo wa ushirika wa nchi hii tangu vyama vya kwanza vya kahawa na pamba. Vyama vikuu vilipovunjwa mwaka 1976, kazi ya kukusanya mazao ilihamia kwenye mamlaka za mazao. Na sheria ya mwaka 1982 iliporudisha vyama hivyo, swali la kwanza katika mikutano mingi lilikuwa juu ya magari. Leo swali hilo limerudi kwa sura nyingine. Chama cha msingi kina trekta, wanachama wake wametawanyika katika vijiji kadhaa, na msimu wa kulima ni mfupi. Wanachama husema: "Tununue lori kuukuu, lifungwe tela, trekta lihamishwe kwa siku moja." Wazo hilo linaweza kuwa jema, na linaweza kuwa shimo. Tofauti hutokana na yale yanayofanywa kabla ya fedha kutoka benki.

Je, lori linahitajika?

Trekta ni gari la shambani, na lina miguu yake. Kwa mwendo wa kilometa 20 au 25 kwa saa, safari ya kilometa 15 kwa barabara ya udongo humalizika kabla ya saa moja kupita. Kulipakia trekta hilo juu ya tela, kulifunga kwa minyororo na kulishusha huweza kuchukua muda huohuo. Chama ambacho vijiji vyake vyote vimo ndani ya umbali huo hakina haja ya kununua lori kwa ajili ya trekta.

Mambo hubadilika umbali unapofika kilometa 40 au zaidi, na hasa njia inapokuwa ya lami. Meno ya tairi la trekta yametengenezwa kuuma udongo; lami huyala upesi, na bei ya matairi ya nyuma inajulikana na kila mweka hazina. Zaidi ya hayo, trekta liendalo polepole katika barabara kuu huwa hatari kwa mabasi yanayolifuata, hasa wakati wa magharibi.

Hata hivyo trekta huhamishwa siku chache tu katika mwaka. Lori litakalosubiri siku hizo tu litakuwa mzigo kwa chama, kwa hiyo sharti liwe na kazi nyingine: kuleta mbolea na mbegu, kupeleka mazao ghalani, kusomba mawe na mchanga wa ujenzi wa ghala. Yafaa katibu aandike katika ukurasa mmoja safari zote ambazo chama kilizilipia kwa kukodi mwaka uliopita, pamoja na kilometa zake na gharama zake. Ukurasa huo una thamani kuliko maneno ya dalali yeyote.

Hesabu ya gharama

Ichukuliwe mfano wa chama kinachonunua lori kwa shilingi milioni 36, kikitarajia kulitumia miaka 6 kisha kuliuza kwa milioni 6. Kuchakaa kwake peke yake ni shilingi milioni 5 kwa mwaka. Ikiwa mshahara wa dereva ni shilingi milioni 4.8, na bima pamoja na ada nyingine ni milioni 1.2, jumla inakuwa milioni 11 kwa mwaka hata kama lori halikuondoka uani.

Lori hilo likitembea kilometa 20,000 kwa mwaka, kila kilometa itabeba shilingi 550 za gharama hizo. Likitembea kilometa 5,000 tu, kila kilometa itabeba shilingi 2,200. Hapo bado dizeli, oili, matairi na matengenezo. Hesabu hiyo ilinganishwe na bei ya kukodi. Kama kukodi ni nafuu, chama kikodi, na hakuna aibu ndani yake. Tena chama kisitumie fedha zote kwa bei ya kununulia. Lori lililokwisha kutumika hudai matengenezo katika miezi ya mwanzo, kwa hiyo ni busara sehemu moja katika tano ya bei iwekwe kando kwa kazi hiyo.

Mzigo hupimwa kabla ya lori kuchaguliwa

Kosa lililo la kawaida kuliko yote ni kutafuta lori kwanza, kisha kujiuliza kama litauweza mzigo. Njia sahihi huanzia kwenye mzigo. Trekta lipelekwe kwenye mizani, kwa mfano ya kiwanda cha kuchambulia pamba au ya ghala kuu, likiwa na mafuta yake na jembe lake. Tuseme mizani inaonyesha kilo 2,700 kwa trekta na kilo 400 kwa jembe la sahani. Tela lenye nguvu ya kubeba uzito huo lisemwe kuwa na kilo 1,600. Jumla ya kitu kitakachokokotwa ni kilo 4,700.

Hapo jambo moja hudhihirika mara moja. Pikapu kubwa zinazosifiwa sana vijijini, kama Toyota Land Cruiser na Land Rover Defender, kwa kawaida huruhusiwa na watengenezaji wake kukokota hadi kilo 3,500, tena kwa sharti kwamba tela lina breki zake. Pikapu ya namna hiyo inaweza kuling'oa tela la kilo 4,700 na kuondoka nalo. Ndiyo maana watu hudanganyika. Kung'oa mzigo ni kazi ya injini, na kuusimamisha ni kazi ya breki. Ajali hutokea katika kusimama.

Kwa hiyo mnunuzi atazame kibati cha mtengenezaji, ambacho aghalabu huwa mlangoni au ndani ya kabini, na kitabu cha lori. Atafute takwimu tatu: uzito wa juu wa lori lenyewe pamoja na shehena yake, uzito wa juu wa lori na tela kwa pamoja, na uzito ambao kila ekseli inaruhusiwa kubeba. Kama takwimu ya pili haionekani popote, ni lazima iulizwe kwa wakala wa mtengenezaji. Malori mengi madogo yaliyoundwa kwa soko la Japani hayakutoka kiwandani na ndoano ya kukokotea, na fremu zao za nyuma hazikuimarishwa kwa kazi hiyo. Ndoano iliyochomelewa na fundi wa mtaani huweza kushika siku ya majaribio na kung'oka mlimani.

Shehena iliyo juu ya lori nayo ihesabiwe. Lori linalobeba mifuko ya mbolea huku likikokota trekta linafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, na jumla ya kazi hizo ndiyo inayolinganishwa na kibati. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwezi Machi 2019, inaweka kikomo cha tani 8 kwa ekseli ya mbele ya usukani na tani 10 kwa ekseli moja ya nyuma yenye matairi pacha. Hicho ni kikomo cha kuilinda barabara. Kwa lori dogo kikomo cha mtengenezaji hufikiwa mapema zaidi, na ndicho cha kufuatwa.

Lori la magurudumu mawili yanayosukuma au manne?

Wanachama wengi hupendelea lori linalosukumwa na magurudumu yote manne, wakikumbuka matope ya masika na udongo mweusi wa mbugani. Inafaa wakumbuke pia kwamba juu ya tela yupo mwenye kazi hiyo. Lori huishia penye barabara ngumu, trekta hushushwa, nalo huingia lenyewe matopeni, ambako ndiko kwao. Lori la kawaida lenye matairi pacha nyuma latosha kwa chama kingi. Bei yake ni ndogo, hula dizeli kidogo, na spea zake hupatikana. Lori la magurudumu yote manne lina difu ya mbele na giaboksi ya ziada, na kila kimoja cha vitu hivyo siku moja kitadai spea. Linunuliwe tu pale ambapo barabara yenyewe kati ya kijiji na kijiji haipitiki bila hilo.

Jambo la spea lipewe uzito kuliko sifa za jina. Katibu aende mji wa karibu akaulize bei na upatikanaji wa vitu vitano: klachi, breki za nyuma, pampu ya maji, nozeli na beringi za magurudumu. Lori ambalo spea zake huagizwa kwa majuma matatu si lori la msimu wa kulima.

Ukaguzi wa lori

Lori likaguliwe asubuhi, injini yake ikiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kulipasha moto kabla ya wageni kufika ameficha jambo, au amewanyima wageni nafasi ya kulijua. Fundi wa chama awe mtu asiye na udugu wala biashara na muuzaji, alipwe na chama, na aandike taarifa yake kwa mkono wake.

Moshi una lugha yake. Moshi mweusi usiokwisha huonyesha dizeli nyingi au hewa haba, na mara nyingine dawa yake ni nozeli au chujio la hewa. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, yaani injini imechakaa ndani. Moshi mweupe mwingi unaoendelea baada ya injini kupata moto huweza kuwa maji yanayoingia mahali pasipo pao. Kifuniko cha oili kifunguliwe injini ikinguruma: hewa ikisukuma nje kwa nguvu kama pumzi ya mtu aliyekimbia, pete za pistoni zimekwisha. Oili yenye rangi ya maziwa, au mafuta yanayoelea juu ya maji ya rejeta, ni sababu ya kutosha ya kuaga na kuondoka.

Kisha fundi aingie chini ya lori. Fremu itazamwe kutoka mwanzo hadi mwisho, hasa nyuma panapofungwa ndoano na karibu na mabano ya springi. Nyufa, viraka vya kuchomelea na rangi mpya mahali pamoja tu ni mashahidi wa mzigo uliozidi. Malori yaliyofanya kazi katika nchi zenye theluji, Japani ya kaskazini ikiwa mojawapo, yamepita katika barabara zilizomwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo huila fremu kutoka ndani. Rangi ya kabini inaweza kung'aa huku mifupa imeoza. Nyundo ndogo yatosha kuigonga fremu na kusikia mlio wake.

Saa ya kilometa isiaminiwe peke yake, kwa kuwa inaweza kurudishwa nyuma. Mpira wa pedali ya klachi, kiti cha dereva na usukani uliosuguliwa na viganja husema umri wa kazi. Matairi nayo yana tarehe ubavuni: tarakimu nne za mwisho huonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri lakini la umri mkubwa hupasuka likibeba mzigo juani.

Baada ya hapo lori lijaribiwe likiwa na shehena, kwenye mlima. Lori tupu kwenye barabara tambarare husema uongo. Klachi isiteleze, gia zisirudi zenyewe, difu isilie, na joto la injini lisipande kupita kiasi.

Breki ndizo za mwisho kusamehewa

Dereva anayeshuka Kitonga, Sekenke au Mlima Nyoka akiwa na tela nyuma hashuki na lori peke yake. Tani karibu tano humsukuma mgongoni. Nguvu inayopaswa kuzimwa na breki haikui sawasawa na mwendo. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu hiyo huwa mara nne. Lori linalosimama kwa meta 15 baada ya kukanyagwa breki katika mwendo wa kilometa 40 kwa saa, litahitaji meta 60 katika mwendo wa kilometa 80, ikiwa breki bado ni baridi. Zikishika moto, umbali huongezeka zaidi, na mwisho pedali hubaki pedali tu.

Kwa sababu hiyo tela lenye uzito huu sharti liwe na breki zake. Katika breki za upepo lori huunganishwa na tela kwa mipira miwili, mmoja wa kutumia na mmoja wa dharura. Ule wa dharura ukikatika au tela likichomoka, breki za tela hukamata zenyewe. Jaribio lake ni rahisi: lori likiwa limesimama mahali tambarare, mpira wa dharura uchomolewe, tela lisilokamata lisiondoke uani. Upepo nao ujazwe, injini izimwe, na saa ya upepo itazamwe. Mshale ukishuka upesi, kuna tundu. Breki ya ekzosi, inayotumia injini kupunguza mwendo, ni msaada mkubwa milimani, na lori lenye nayo lina haki ya kuzidi bei kidogo.

Kanuni ya madereva wa zamani ingali sahihi: mlima hushukwa kwa gia ileile ambayo ungepandiwa, na gia hiyo huingizwa kabla ya mteremko kuanza.

Upakiaji nao una sheria zake. Kwenye tela ambalo magurudumu yake yako katikati, uzito uegemee mbele kidogo, kiasi cha kilo 10 kwa kila 100 zikilalia ndoano. Trekta likikaa nyuma mno, tela huanza kuyumba kama mkia wa samaki na huweza kulipindua lori. Trekta litiwe breki, jembe lishushwe likae juu ya sakafu ya tela, na minyororo minne ifungwe, mmoja kila pembe. Kamba za katani hazifai. Baada ya kilometa chache za kwanza dereva asimame akaze tena. Wala mtu yeyote asipande juu ya tela, hata mwenye trekta lake.

Karatasi na mamlaka ya kununua

Mali bila daftari hupotea bila habari. Ununuzi wa lori uwe ndani ya makisio yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu, na kama kuna mkopo, uwe ndani ya ukomo wa madeni ulioidhinishwa na Mrajis. Mjumbe wa bodi mwenye udugu na muuzaji aseme hivyo mbele ya kikao na atoke wakati wa uamuzi. Muhtasari uandike kwamba alitoka. Malori matatu yalinganishwe angalau, hata kama la kwanza limependwa na wote.

Namba ya fremu na namba ya injini zisomwe kwenye chuma chenyewe, kisha zilinganishwe na kadi ya gari. Mamlaka ya Mapato iulizwe kama mwenye kadi ndiye muuzaji, polisi waulizwe kama gari lina kesi au faini, na benki iulizwe kama kadi imewekwa rehani. Malipo yapitie benki kwa jina la mwenye kadi, na mkataba utiwe saini mbele ya mashahidi. Umiliki uhamishwe mara moja kwa jina la chama. Lori lililoachwa kwa jina la mwenyekiti "kwa muda tu" ni kesi inayosubiri siku mwenyekiti atakapofariki au atakapoondolewa.

Lori likisha kufika, daftari lake lifunguliwe siku hiyohiyo: kilometa za kuondoka na kurudi, lita za dizeli, mzigo, jina la dereva na kila spea iliyofungwa. Mwanachama yeyote awe na haki ya kulisoma. Daftari hilo litamwonyesha mkaguzi kama lori linafanya kazi ya chama, na baada ya mwaka mmoja litawaonyesha wanachama kama uamuzi wao ulikuwa mzuri.

Katika vijiji vingi hakuna kinachomhuzunisha mkulima kama kuona mvua ya kwanza ikinyesha juu ya shamba lisilolimwa, huku trekta alilolichangia likiwa mbali, limekwama juu ya tela bovu. Fedha za ununuzi ni jasho la watu ambao wengi wao hawataliendesha lori hilo hata siku moja. Bodi inayopima mzigo kabla ya kupima bei, inayomsikiliza fundi kuliko dalali, na iliyo tayari kurudi nyumbani mikono mitupu pale lori linapokosa breki, inalinda jasho hilo. Msimu unaweza kusubiriwa kwa trekta la kukodi. Dereva aliyepotea mlimani hasubiriwi.